Farasi wa Kiarabu: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu nasaba yake na uzalishaji wa leo

Mimi ni saisi, mtunza farasi, na sehemu kubwa ya kazi hii nimeifanya Oman. Nikirudi Unguja likizo, au ndugu wakipiga simu kutoka Mombasa na Dar, maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu, maana mengine hayajibiki kwa simu.

Farasi wa Kiarabu ni farasi gani hasa?

Ni farasi aliyelelewa na Mabedui wa Bara Arabu, hasa nyanda za Najd na jangwa linalopanda hadi Syria na Iraki. Chimbuko la farasi wote wanaofugwa leo ni nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Jangwani alifika baadaye, na jangwa likamchuja. Maji yalikuwa haba, malisho haba, safari ndefu, mchana moto na usiku baridi. Asiyeweza hakuacha kizazi. Bedui alimnywesha maziwa ya ngamia, akamlisha tende pale nyasi zilipokauka, na usiku wa hatari jike alilazwa hemani pamoja na watoto wa nyumba. Sishangai kwamba mpaka leo ukiingia bandani anakuletea paji la uso ulikune kabla hujamwita.

Nitamtambuaje nikimwona?

Anza na kichwa: kifupi, kipana kati ya macho, chembamba kuelekea puani, na mbele ya uso pana mbonyeo kidogo. Macho ni makubwa na yamekaa chini kuliko ya farasi wengine. Pua zikitulia ni ndogo; akikimbia hufunguka kama vikombe. Shingo imepinda vizuri, mgongo mfupi, na mkia huinuliwa juu anapotembea kwa furaha. Kimo chake ni kati ya sentimita 145 na 155 begani, kwa hiyo si farasi mrefu. Uzito kwa kawaida haufiki kilo 450.

Mzee aliyenifundisha kazi, Mmanga aliyezaliwa Pemba na ambaye Kiswahili chake kilinishinda mimi, alinishika mkono siku ya kwanza akaniambia, "Mwanangu, kunja ngumi." Akaipeleka ngumi yangu chini ya kichwa cha farasi, kati ya mifupa miwili ya taya. Iliingia yote. "Hapo ndipo pumzi inapopita, baba. Macho mazuri utayaona mwenyewe, lakini hapa lazima upime." Nimepima hivyo kila farasi tangu siku ile.

Ni kweli ana mbavu pungufu?

Baadhi yao wana jozi 17 za mbavu badala ya 18, na pingili 5 za kiuno badala ya 6. Baadhi, si wote. Mwenye 18 si chotara kwa sababu hiyo.

Neno "asil" lina maana gani? Na zile koo tano ni zipi?

Neno hili tunalo wenyewe: asili. Farasi asil ni yule ambaye kila mzazi wake, kwa upande wa baba na wa mama, anarudi kwa farasi wa Mabedui bila damu nyingine kuingia. Mabedui hawakuwa na madaftari. Nasaba ilikaa kichwani, na mtu aliapa mbele ya mashahidi kabla ya kuuza farasi au kupandisha jike wa mwenzake. Uwongo katika nasaba ulikuwa aibu ya kabila zima.

Koo zinazotajwa sana ni tano, na kwa pamoja huitwa Al Khamsa: Kuhaylan, Saqlawi, Ubayyan, Hamdani na Hadban. Orodha hubadilika kidogo kulingana na msimuliaji, na kila ukoo una matawi yanayobeba jina la mtu au familia iliyomfuga jike fulani aliyesifika. Kuhaylan linatokana na neno la Kiarabu la wanja. Ngozi ya farasi hawa ni nyeusi chini ya manyoya ya rangi yoyote ile, na kwenye macho, ambako manyoya ni machache, weusi huo huonekana kama mtu aliyepakwa wanja wa harusi. Mkiwa naye karibu asubuhi, jua likimpiga ubavuni, utaelewa kwa nini walimwita hivyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukoo hufuata mama. Baba akiwa Saqlawi na mama Kuhaylan, mtoto ni Kuhaylan.

Kwa nini mama, wakati Waarabu huhesabu nasaba ya watu kwa baba?

Kwa sababu jike ndiye aliyekuwa mtaji. Dume mmoja aliwatosha majike wengi, kwa hiyo madume wengi hawakuhitajika. Jike alikwenda vitani na katika uvamizi wa mifugo, na inasimuliwa kwamba alipendwa zaidi kwa sababu hakulia anaponusa farasi wa adui usiku. Jike mzuri alimilikiwa kwa ubia: mmoja akawa mpandaji, mwingine akawa na haki ya mtoto wa kwanza au wa pili. Kuuza jike wa namna hiyo kwa mgeni lilikuwa jambo zito, na wasafiri wengi wa Ulaya waliorudi na madume tu walirudi hivyo kwa sababu majike walinyimwa.

Je, kisa cha majike watano wa Mtume ni historia?

Ni hadithi. Inasema majike walinyimwa maji kwa muda mrefu, wakafunguliwa, na kabla hawajafika mtoni wakaitwa. Watano tu ndio waliorudi bila kunywa, na koo tano zikatoka kwao. Hakuna ushahidi wa kihistoria wa tukio hilo. Heshima ya farasi katika Uislamu haihitaji kisa hicho: Sura ya 100, Al-Adiyat, inafunguka kwa kiapo cha farasi wanaokimbia wakihema, na watoto wetu wanaisoma chuoni kabla hawajamwona farasi hata mmoja.

Walifikaje Misri, Ulaya na Marekani?

Hapa historia ni ndefu, na naomba uivumilie, kwa sababu ukitazama karatasi za farasi yeyote wa maonyesho leo utakutana na majina haya.

Katika karne ya 19 Abbas Pasha wa Kwanza, aliyetawala Misri 1848 hadi 1854, alikusanya farasi bora kuliko mtu yeyote wa zama zake. Hakununua tu. Alituma wajumbe kwa makabila waandike ushuhuda wa wenye farasi wenyewe kuhusu kila ukoo, na maandishi hayo bado yanasomwa na wafugaji. Baada ya kuuawa kwake mwaka 1854 farasi walitawanyika, na wengi wa waliobaki waliishia kwa Ali Pasha Sherif. Naye akaishiwa fedha. Banda lake liliuzwa kidogo kidogo, na kufikia 1897 yalikuwa ni mabaki.

Aliyeyaokoa mabaki hayo alikuwa Lady Anne Blunt, Mwingereza aliyejifunza Kiarabu na kusafiri na mumewe Wilfrid hadi mto Frati na Najd. Walianzisha banda la Crabbet Park mwaka 1878, na wakawa na shamba la Sheykh Obeyd karibu na Cairo. Mwaka 1889 walimnunua kwa Ali Pasha dume aitwaye Mesaoud, na leo damu yake iko katika farasi wa karibu kila nchi. Lady Anne alifariki Cairo mwaka 1917. Mimi huwa namfikiria sana mama huyu: bila yeye nyuzi kadhaa zingekatika moja kwa moja.

Misri yenyewe ilijenga upya. Chama cha Kilimo cha kifalme kilikusanya farasi, na banda lao la El Zahraa, Cairo, likamtoa Nazeer, aliyezaliwa 1934. Watoto wake walikwenda Ujerumani, Marekani na Urusi. Mmoja wao, Aswan, alitolewa zawadi kwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1963, wakati wa ujenzi wa bwawa la Aswan, akapelekwa banda la Tersk na kuacha kizazi kikubwa huko.

Poland ina njia yake. Banda lao la Janów Podlaski lilianzishwa 1817, na vita viwili vikuu vililinyang'anya karibu kila kitu. Februari 1945 farasi wake walikuwa wakihamishwa kwa miguu kupita Dresden usiku mji ulipopigwa mabomu. Wasaisi walishikilia hatamu moto ukiwazunguka. Baadhi ya farasi walikufa, baadhi walitoka. Kwa hawa waliotoka Poland ilianza tena, na mwaka 1963 dume wake Bask akauzwa Marekani na kuwa baba wa mabingwa.

Marekani ilipata hamu ya kweli kwenye maonyesho ya Chicago ya 1893. Mwaka 1906 mchoraji wa vibonzo Homer Davenport aliruhusiwa na Sultani wa Uturuki kwenda kwa Mabedui, akarudi na farasi 27. Miaka miwili baadaye chama cha kuandikisha farasi hawa kikaundwa.

Zanzibar inahusika?

Inahusika. Seyyid Said bin Sultan alituma merikebu yake Sultanah kutoka Zanzibar hadi New York mwaka 1840, nahodha akiwa Ahmad bin Na'aman. Pamoja na karafuu, pembe na tende, zilikuwamo zawadi za Rais Van Buren, na miongoni mwake farasi wawili wa Kiarabu. Sheria haikumruhusu rais kuzipokea kama mali yake, na serikali ikawauza farasi. Malkia Victoria naye alipokea farasi kutoka kwa Seyyid Said. Jumba la Mtoni lilikuwa na mabanda, na Bibi Salme binti Said aliandika jinsi watoto wa Sultani walivyofunzwa kupanda tangu wadogo.

Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, farasi walisafirishwa kwa majahazi kutoka Qalhat, Dhofar na Hormuz kwenda India. Bahari yetu hii ndiyo iliyokuwa barabara yao.

Nani anaamua leo kwamba farasi ni Mwarabu safi?

Kila nchi ina daftari lake la nasaba, na shirika la kimataifa liitwalo WAHO, lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, huyakubali au kuyakataa madaftari hayo. Farasi aliyeandikwa katika daftari lililokubaliwa ni safi. Kila mtoto huthibitishwa wazazi wake kwa vinasaba. Neno "asil" lina masharti makali zaidi, na wanaolishikilia wana vyama vyao.

Karatasi hata hivyo ina mpaka wake. Utafiti mkubwa wa jeni uliotoka 2020 ulikuta kwamba baadhi ya farasi wa mbio za uwanjani walioandikwa kuwa Waarabu safi wana damu ya farasi wa Kiingereza wa mbio iliyoingia hivi karibuni. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa farasi wa Mashariki ya Kati wana utajiri mkubwa wa jeni, wakati baadhi ya mistari ya maonyesho imebanwa mno. Kwangu hili lina maana moja: farasi wa kawaida wa familia za Syria, Iran au Bahrain, ambaye hajawahi kuvaa nishani, ni hazina.

Uzalishaji wa kisasa unafanyikaje?

Dume mashuhuri hasafiri tena. Mbegu zake hugandishwa ndani ya naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, zikatumwa kwa ndege, na daktari akamwekea jike mbegu hizo (ndio uhimilishaji) saa chache kabla au baada ya jike kupevusha yai. Usiku huo hatulali; jike hupimwa kila baada ya saa chache.

Jike bingwa naye si lazima abebe mimba. Siku ya 7 au ya 8 baada ya yai kupevuka, kiinitete, yaani mimba changa kabisa, hutolewa tumboni mwake na kuhawilishwa kwa jike mwingine mwenye afya, ambaye atakibeba kwa takriban miezi 11 na kumnyonyesha mtoto. Kwa njia hii jike mmoja anaweza kupata watoto kadhaa kwa mwaka badala ya mmoja. Farasi wa Kiingereza wa mbio hawaruhusiwi njia hizi. Wao lazima wapandishwe dume na jike ana kwa ana.

Njia hizi zimeleta faida. Mfugaji mdogo anaweza kupata mbegu za dume kama Marwan Al Shaqab wa Qatar bila kumiliki ndege. Lakini pia zimefanya kila mtu amkimbilie dume yule yule, na baada ya vizazi viwili unakuta mabanda ya mabara matatu yamejaa wajukuu wa babu mmoja. Mabedui nao walipandisha ndugu kwa ndugu, ila jangwa liliwaondoa dhaifu. Sisi tuna madawa na mabanda yenye viyoyozi, na hakuna anayechuja.

Magonjwa ya kurithi ni yapi, na nitayaepukaje?

Matatu yanahitaji kujulikana na kila mfugaji.

La kwanza ni SCID, ukosefu wa kinga. Mtoto huzaliwa mzima kabisa. Kinga ya dang'a ya mama inapokwisha, baada ya mwezi mmoja au miwili, kila kijidudu kinamshinda, na hafikishi miezi mitano au sita. La pili ni kuharibika kwa ubongo wa nyuma, unaosimamia mizani: mtoto hutikisa kichwa, hupiga hatua za juu, huanguka. La tatu huwapata zaidi wenye damu ya Misri: mtoto huzaliwa na rangi ya zambarau iliyofifia, hawezi kusimama, hupata degedege na kufa ndani ya siku chache.

Yote matatu hurithiwa kwa namna moja. Mbebaji, yaani farasi aliyerithi jeni mbovu kwa mzazi mmoja tu, haumwi na haonekani. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa. Mbebaji akikutana na asiyebeba, hakuna mtoto atakayeugua.

Banda moja nililofanya kazi zamani halikupima. Mtoto alizaliwa usiku wa manane, jike, mwenye nyota nyeupe kwenye paji. Alisimama, akaanguka, akasimama tena, akapata titi. Wiki ya saba alianza kutoka kamasi. Tukampa dawa, akapata nafuu, kisha homa ikarudi na kuhara. Wiki ya kumi na moja alikuwa mbavu tupu, akalaza kichwa mapajani mwangu na pumzi zikawa kama za mtu anayepanda ngazi. Alipokufa, mama yake aligonga mlango wa banda kwa kwato siku tatu, na maziwa yakimchuruzika miguuni. Baadaye wazazi wote wawili walipimwa, wote wabebaji. Kipimo cha SCID kilikuwapo tangu miaka ya 1990. Kinachotakiwa ni nywele chache za singa zenye mizizi yake, ndani ya bahasha.

Kwa hiyo pima. Na ukimkuta mbebaji usimhasi kwa hofu. Mpandishe na asiyebeba, pima watoto, endelea na walio safi. Ukiwatupa wabebaji wote unatupa na koo zao. Kinachonikera ni kuficha. Majibu ya vipimo vya dume yanapaswa kuwekwa wazi pamoja na bei yake.

Kwa nini vichwa vya baadhi ya farasi wa maonyesho vimebonyea mno?

Kwa sababu waamuzi walivipa alama na wanunuzi wakavifuata. Mwaka 2017 picha za dume mchanga kutoka jimbo la Washington, Marekani, zilienea dunia nzima. Uso ulikuwa umebonyea kiasi kwamba madaktari wa mifugo walijadili hadharani kama anapumua vizuri. Farasi hawezi kuvuta pumzi kwa mdomo. Njia yake ni pua peke yake. Mbonyeo wa kiasi ni uzuri wa asili wa farasi huyu, na mimi naupenda, lakini mfugaji anayeuongeza kila kizazi anacheza na njia ya hewa ya mnyama aliyeumbwa kukimbia.

Je, bado anafanya kazi, au ni wa kutazamwa tu?

Mpeleke safari ndefu ndipo umjue. Huko California, tangu 1955, kuna mashindano ya maili 100, sawa na kilomita 160, kuvuka milima ya Sierra Nevada ndani ya saa 24. Farasi wa Kiarabu na machotara wake wameyatawala. Misuli yake inatumia oksijeni vizuri, mwili mdogo unatoa joto haraka, kwato ni ngumu. Kwenye vituo daktari husikiliza moyo, na mapigo yasiposhuka kufikia kiwango kilichowekwa, mara nyingi 64 kwa dakika, farasi haruhusiwi kuendelea. Kwenye mbio hizi kuna ubaya pia, wapo wanaowasukuma kupita kiasi mpaka mfupa unavunjika. Kosa hilo ni la mpandaji.

Mbona wengi ni weupe?

Huzaliwa na rangi nyingine na kugeuka kadiri miaka inavyokwenda. Jeni inayowageuza rangi ndiyo pia huwaletea uvimbe wa ngozi wakizeeka, hasa chini ya mkia, kwa hiyo kagua unapoosha.

Bei yake?

Inaanzia bei ya kawaida ya farasi mpaka isiyosemeka. Mwaka 2015 jike Pepita aliuzwa kwenye mnada wa Poland kwa euro milioni 1.4. Usiitumie bei hiyo kama kipimo. Miaka ya 1980 Wamarekani walinunua farasi hawa ili kupunguza kodi, wakaandikisha takriban watoto 30,000 kwa mwaka. Sheria ya kodi ilipobadilika 1986 soko likaanguka, na farasi wengi wakakosa mtu wa kuwalisha.

Naweza kumfuga Tanzania au Kenya?

Inawezekana, na Kenya wapo, lakini kuna maadui wawili. Mbung'o huleta nagana, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya bara haikuwahi kuwa na farasi. Visubi, wale wadudu wadogo wa jioni, hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao unaweza kuua hata tisa kati ya kumi wasio na kinga. Pundamilia huubeba bila kuugua. Chanja kila mwaka kabla ya mvua, mwingize bandani kabla ya magharibi, weka wavu mwembamba. Kama hapo ulipo hakuna daktari wa mifugo anayejua farasi, subiri.

Nataka kuanza kuzalisha. Niangalie nini?

Usianze na dume. Dume utamkodi kwa bahasha ya mbegu. Tafuta jike mmoja aliyepimwa magonjwa yote matatu, mwenye miguu minyoofu, anayekula vizuri na kunyonyesha vizuri. Mtazame akitembea kwenye mawe bila viatu. Kunja ngumi uipitishe tayani. Kisha mwombe mwenye banda akuonyeshe mama yake. Mama akiwa hai na bado unakataliwa kumwona, aga kwa heshima uondoke.